Siku Ulipogusa Miguu ya Ba

Zuhura mwanangu,

Barua hii naiandika mchana, wewe ukiwa Pangani kumuaga bibi yako. Utaikuta kwenye begi la mkononi, chini ya vyeti. Usiisome hapa nyumbani. Ukiisoma mbele yangu utaniuliza maswali, nami nikiulizwa ana kwa ana huwa mkali, halafu naharibu.

Mambo ya sweta, dawa za tumbo na kupiga simu ukifika, shangazi yako keshakuandikia karatasi nzima. Sina la kuongeza. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza juzi.

Ulikuwa mbele ya kioo. Simu umeiegemeza kwenye kopo la poda, unamfuatisha yule binti wa kwenye video: viganja pamoja kifuani, kichwa kinainama kidogo. "Namaste-ji," unasema, unacheka, unarudia. Nikapita na beseni la nguo nikakwambia, "Acha upuuzi huo." Ukanigeukia. "Mama, hivi wewe una nini na Wahindi?"

Nikakujibu sina kitu. Nilikuongopea. Ninacho, tena nimekaa nacho miaka kumi na mitano, na wewe mwenyewe umo ndani yake ingawa hukumbuki.

Ulikuwa na miaka miwili nilipopata kazi Raskazone. Baba yako alikwisha kwenda zake, na pale mtaani kwetu Nguvumali watu walizoea kuniita "yule aliyeachwa" kuliko kuniita jina langu. Kazi ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa Kihindi aliyevunjika nyonga: kumwogesha, kumvisha, kumtembeza barazani. Nyumba nzima walimwita Ba. Mwanawe alikuwa Kishorbhai, mke wa mwanawe Hansaben, na mjukuu wake Nilesh, kijana wa sekondari. Sikuwa na pa kukuacha, na Ba ndiye aliyesema nije nawe. "Lete mtoto," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Nyumba hii kimya sana." Hata hilo nililitilia shaka. Nilifikiri wanataka nikuzoeshe utumishi mapema.

Ndivyo nilivyokuwa, na niliirithi hali hiyo. Babu yako alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, akaitwa "boi" na watoto wa matajiri mpaka ndevu zikaota mvi. Alitulea kwa neno moja: mtu akikupamba jina, tazama mkono wake wa pili umeshika nini. Kwa hiyo niliingia nyumba ile nikitazama mikono.

Wiki ya kwanza tu niliona kwamba majina yao yana mikia. Mwanamume haitwi Kishor, anaitwa Kishorbhai. Mwanamke haitwi Hansa, anaitwa Hansaben. Hata watoto wakitaja majina ya wakubwa hawaachi mkia huo. Sikumwuliza mwenye nyumba maana yake. Nilimwuliza Mzee Shekiondo, mtunza bustani, Msambaa mtu mzima aliyefanya kazi kwa Wahindi tangu ujana wake na kujisifu kwamba lugha yao anaijua yote.

"Bhai ni bwana, ben ni bibi," aliniambia huku akipogoa michongoma.

"Na miye?"

"Weye ni Mwana."

Kweli, mle ndani waliikata Mwanakombo yangu nikabaki Mwana. Na haikuwa na mkia. Basi nikaanza kutega sikio. Jirani akija kuazima kitu, ben. Fundi wa Kihindi akija kutengeneza friji, bhai. Mpishi wao, mjane maskini wa kabila lao, mwajiriwa kama mimi, aliyelala chumba cha nyuma kama ambavyo ningelala mimi, naye ben. Mimi peke yangu jina langu lilitembea uchi. Miaka mitatu nilikaa mle, Zuhura, na sidhani ilipita siku sikulisikia lile pengo mwishoni mwa jina langu.

Kisha siku moja likaja lile neno jingine. Mgeni mmoja, mwanamume mnene wa kutoka Dar, alikuwa amekaa barazani. Nilipoweka chai akaninyooshea kidevu akasema neno "golo" katikati ya maneno yake. Neno hilo, la kumwita mtu mweusi mtumwa, mtu wa Tanga hahitaji mkalimani. Wawili watatu wakacheka. Nikamtazama Ba. Mdomo wake ulikuwa umefunguka. Hadi leo sijui kama alikuwa akicheka au alikuwa akitaka kumkemea, maana nilibeba sinia nikaondoka kabla sijaona. Nilichagua kuamini kwamba alicheka. Ilinirahisishia mambo.

Sasa nikueleze habari ya miguu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nilesh alikuja kwa bibi yake, akainama, akagusa miguu yake kwa vidole, kisha akajigusa kichwani. Ba aliweka kiganja juu ya kichwa cha kijana akanong'ona dua. Wewe ulikuwa ukikaa chini pembeni ya kiti cha Ba na kuyatazama haya kama watoto wa siku hizi wanavyotazama katuni.

Mimi nilisisimka mwili mara ya kwanza. Unajua wazee wetu wanavyoieleza shikamoo: nashika miguu yako. Sisi tumebaki na neno, wao wamebaki na kitendo. Ningeweza kuliona hivyo, na pengine mtu mwenye moyo mweupe angeliona hivyo siku ileile. Mimi niliona mtu anainama na mtu anainamiwa. Nikamkumbuka babu yako, ambaye shikamoo aliidai kwetu wanawe lakini hakumpa tajiri hata mmoja, hata awe mzee wa mkongojo.

Siku yenyewe ilikuwa siku Nilesh anaondoka kwenda kusoma ng'ambo, kama wewe sasa. Ndugu walijaa sebuleni. Mama yake alimpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akamlisha kipande cha sukari guru, kisha kijana akaanza kupita kwa wakubwa mmoja mmoja, akigusa miguu yao na kupokea dua. Ba alikuwa wa mwisho, kwenye kiti chake, sari yake nyeupe imepigwa pasi na mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la glasi. Wewe nilikuacha jikoni na bakuli la wali.

Nilesh alipoinuka nikakuona. Umejipanga nyuma yake. Una miaka mitano, gauni la njano, punje ya wali shavuni. Ukainama, ukagusa miguu ya Ba kwa mikono yote miwili, ukajigusa kichwani, sawasawa na ulivyoona kila asubuhi.

Chumba kizima kikacheka.

Ba akaweka kiganja juu ya kichwa chako. "Sukhi rahe, dikri," akasema.

Nilisikia kicheko, na nikasikia "dikri". Sikulijua neno hilo. Masikioni mwangu lilikuwa na mlio wa tusi. Nikaweka sinia chini, glasi moja ikaanguka, nikakunyakua mkono.

"Mwanangu si golo wenu!" nilipiga kelele. "Sisi twainama kwa Mungu peke yake!"

Hansaben akasimama. "Mwana, ni mtoto tu, hakuna aliyemwambia."

"Ni mtoto wangu! Mmemfundisha nyinyi, ili mcheke!"

Maneno hayo pengine yangesameheka. Sijui. Nilichofanya baadaye ndicho kisichotoka akilini. Nilishika ncha ya kanga yangu nikakupangusa kichwa, pale Ba alipoweka kiganja chake. Nilikupangusa mara mbili, kwa nguvu, kama mtu aliyekuta mwanawe kapakwa uchafu. Nilifanya hivyo mbele ya wageni wote, na Ba akitazama. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani, hajaushusha.

Wewe hukulia. Ulikuwa ukimtazama yeye.

Nikatoka nawe. Nyuma yangu nikasikia mkongojo. Ba, ambaye hakuwa akiinuka bila mimi, alikuwa ameinuka mwenyewe akaja hadi mlango wa baraza. "Aavjo," aliita. "Aavjo, Mwana."

Getini nikamkuta Mzee Shekiondo ameduwaa na mkasi wake. "Asemaje yule?" nikamwuliza.

Akatazama mkasi wake. "Akufukuza, mwanangu. Asema nenda moja kwa moja, usirudi."

Angalia hapo, Zuhura. Mimi niliyeshuku kila kikombe cha chai kilichowekwa mbele yangu, mzee huyu nilimwamini papo hapo. Sikumwuliza mara ya pili. Nilimwamini kwa kuwa aliniambia kile nilichokuwa nakingoja miaka mitatu. Shaka yangu yote niliielekeza upande mmoja, upande wa pili nikauacha wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Nikaanza kukaanga vitumbua pale Nguvumali, ukawa ukinisaidia kupepea jiko. Baada ya wiki kadhaa Mzee Shekiondo akaja. "Ba akuita," alisema. Nikamwambia nina kazi. Akaja tena. Safari hii sikutoka. Nilikutuma wewe mlangoni useme mama hayupo, na mzee wa watu akaondoka akijua nipo, maana mafuta yalikuwa yakilia jikoni. Nilikuwa nimeshajipa hakika kwamba kuna kitu kimepotea mle ndani, labda kile kikombe cha fedha cha ibada yao, na wananiita ili wanibandike wizi. Nilijiandaa hata maneno ya kujitetea. Usiku mwingine nilijibishana na hakimu ambaye hayupo.

Mara ya tatu akaja Hansaben mwenyewe, kwa bajaji, mchana wa jua kali. Alisimama nje ya mlango wetu, akaunganisha viganja kifuani.

"Namaste, Mwanakomboben," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza. Miaka mitatu niliungoja mkia ule, na ulipokuja niliuona kama chambo kwenye ndoana. Sikumkaribisha. Nilimwacha juani na mimi kivulini, nikajibu, "Nakusikiliza."

"Ba anaumwa. Anakuulizia kila siku."

"Amepotelewa na nini?"

Hakuelewa. "Hajapotelewa na kitu. Anakutaka wewe tu. Wewe na mtoto."

"Mwambie nimesikia."

Akajifuta jasho usoni. Kisha akaunganisha tena viganja. "Haya, Mwanakomboben. Aavjo."

Damu ikanipanda. "Na wewe nenda moja kwa moja," nikamwambia, "na usirudi!"

Alishtuka, akarudi hatua moja. "Mimi nakwambia uje tena, wewe waniambia nisirudi?"

"Uje tena nini?"

"Aavjo. Ndiyo kwaheri yetu. Maana yake uje tena. Sisi hatumwambii mtu nenda."

"Na ile dikri? Alimwita mwanangu dikri, mkacheka wote!"

"Dikri ni binti," alisema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Binti yangu. Ba ananiita mimi hivyo, kila siku. Alimwombea mtoto awe na raha maishani. Tulicheka kwa sababu alifanya vizuri kuliko Nilesh."

Ungefikiri hapo nilivaa viatu nikamfuata. Hapana. Sikumwamini. Nilimwacha apande bajaji yake, na kesho yake nikaenda Ngamiani, kwenye duka la vitambaa la Mhindi nisiyemjua na asiyenijua, nikajifanya nataka bitana.

"Ati aavjo ni nini?" nikamwuliza.

"Kwaheri," akajibu bila kuinua macho. "Yaani uje."

"Na ben?"

"Dada. Bhai ni kaka. Unataka mita ngapi?"

Dada. Si bibi, wala mkubwa. Dada tu. Nilitoka dukani nikiwa na ghadhabu mbili: ya kwamba nilidanganyika, na ya kwamba hata udada hawakunipa. Na ghadhabu hiyo ya pili ilinifunga miguu siku tatu zaidi. Nilijiambia, kama ni dada mbona ilichukua miaka mitatu na shida ya kunihitaji? Swali hilo bado naliona ni swali la haki. Lakini nililiuliza wakati mbaya.

Siku nilipokwenda Raskazone, Ba alikuwa ameshapigwa na kiharusi, jioni ya juzi yake. Upande wa kulia wote umelala. Ulimi haurudi.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwamkia kwa kinywa kilichojaa; nilikuwa nikinung'unika kitu kati ya meno. Siku hiyo nikasema, "Shikamoo, Ba."

Alinitazama sana. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka kwenye shuka, ukaja hadi kifuani, kiganja kimesimama. Ukabaki pale, unatetemeka, peke yake. Nikachelewa kuelewa. Namaste inataka viganja viwili, na kile cha pili kilikuwa kimelala pembeni kama si chake. Nikakichukua. Kilikuwa kizito na cha baridi. Nikakiinua nikakiunganisha na mwenzake, nikavishikilia vyote viwili ndani ya mikono yangu mpaka alipofumba macho.

Sitakwambia kwamba nilijua anachosema. Baadaye niliambiwa viganja vile vinaweza kuwa salamu, vinaweza kuwa maombi, vinaweza kuwa msamaha unaombwa. Wengine husema anayekuamkia hivyo anamwamkia Mungu aliye ndani yako. Pengine Ba alikuwa akiniomba maji. Nilimpa maji pia.

Nilirudi kazini nikamtunza wiki sita. Kisha akafariki asubuhi moja, mimi nikimchana nywele.

Kwenye tangazo la msiba kulikuwa na maandishi yao na chini yake Kiswahili. Nikasoma "Gangaswarup Kamlaben". Nikamwuliza Hansaben huyo ni nani. Akaniangalia kwa mshangao. "Ni Ba," akasema.

Zuhura, nilikuwa nimemwogesha mwanamke yule miaka mitatu. Nilijua kila kovu la mwili wake. Nilikuwa nimekasirika miaka mitatu kwamba jina langu halikupewa heshima, na jina lake sikuwahi kuliuliza. Kumbe Ba ni mama tu. Kila nyumba yao ina Ba.

Na lile Gangaswarup, Hansaben alinieleza, ni heshima ya mjane: mtu safi kama mto wao mtakatifu. Nilipolisikia nilikumbuka jambo nililoliona kwa macho yangu. Kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yao, Ba alikalishwa nyuma kabisa, na wakati wa kumpaka bibi harusi manjano aliambiwa asisogee, kwa kuwa mjane hana heri. Jina la mto mtakatifu walikuwa nalo la kumpa, kiti cha mbele hawakuwa nacho. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwamba kila jina zuri lina moyo mzuri ndani. Jina tukufu laweza kuwa pazia pia. Sisi wenyewe tunao watu tunaowaita mashehe na waheshimiwa, na majirani zao wanajua.

Tulikuwa tukikunja sari za Ba, mimi na Hansaben, aliponieleza jambo la mwisho. Katika lugha yao kuna "wewe" mbili. Mkubwa na mgeni wanaambiwa "tame". Halafu kuna "tu".

"Tu ni kwa mtoto," alisema, "kwa mtu wa ndani sana. Hata Mungu tukimwomba tunamwita tu."

"Na mfanyakazi?"

"Na mfanyakazi."

"Ba aliniita lipi?"

"Tu."

"Tu ya mtoto, au tu ya mfanyakazi?"

Hansaben akachukua sari aliyokwisha kuikunja, akaikunja tena. "Sijui, Mwanakomboben," akasema. "Ungemwuliza."

Nimemheshimu tangu siku hiyo kwa kutonidanganya. Angeweza kusema "ya mtoto, bila shaka", nami ningeondoka nikijua ni uongo wa kufariji. Ndiyo sababu, ulipopata nafasi ya kusoma Vadodara, huko India, nilimwendea yeye baada ya miaka mingi, nikasimama getini kwake, nikaomba. Mdogo wake, Ilaben, anaishi huko, naye ndiye atakayekupokea. Wiki iliyopita alinipigia simu. Sauti nyororo. "Mwanakombo-ji," akasema, "binti yako ni beti yetu, binti yetu pia, usiwe na wasiwasi."

Nilikata simu nikakaa na wasiwasi mpaka magharibi. Ji, nimeambiwa, huwekwa nyuma ya jina lolote kwa heshima, hata nyuma ya "ndiyo". Mwalimu ni ji, baba ni ji, mwenye duka ni ji. Sasa kitu kinachogawiwa hivyo, mtu atajuaje chake kina uzito gani? Na mbona amekubali upesi hivyo kukaa na mtoto asiyemjua? Nilimwuliza Hansaben hilo waziwazi. Akacheka. "Kwa sababu mimi nilimwambia akubali," akasema. Nimelipokea jibu hilo. Sijalimeza bado, lakini nimelipokea.

Unamkumbuka pia yule wakala wa wanafunzi, aliyeanza kila ujumbe kwa "Namaste ji, mama ji"? Ulinikasirikia nilipokataa kumpa pasi yako ya kusafiria aiweke yeye. Binti wa jirani alimpa ya kwake, na ilichukua miezi kuipata. Kwa hiyo shaka yangu haijawa ya bure siku zote, na sikuagizi uitupe baharini. Imenilinda. Imenila pia.

Huko utasikia maneno mengi ya kukupandisha na machache ya kukushusha. Lile neno la mgeni wa Dar linaweza kukufikia hata huko, kwa sura nyingine, na ukilisikia utalijua bila kufundishwa. Usijifanye hukusikia. Lakini neno usilolijua, mwulize aliyelisema. Mwulize yeye, papo hapo, hata kwa aibu, hata kwa lugha mbovu. Usimwulize mtu wa getini.

Nimebakiza jambo moja, na kwa kweli barua yote nimeiandika kwa ajili ya hili. Nimelizungukia tangu mstari wa kwanza.

Wiki zile sita nilizomtunza Ba akiwa hasemi, nilikwenda peke yangu. Wewe nilikuacha kwa shangazi yako kila siku. Nilimwambia shangazi kwamba nyumba ya mgonjwa si mahali pa mtoto, na watu wote waliona ni busara. Haikuwa busara. Niliogopa utainama tena. Niliogopa watu wataona, na niliogopa mimi mwenyewe sitajua nifanye nini na mikono yangu. Hansaben alikwisha kuniambia kwa mdomo wake kwamba Ba anatutaka wote wawili. Nilikuwa nimeshajua dikri ni nini.

Kila asubuhi nilipoingia chumbani, Ba alinitazama usoni mara moja, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, chini, usawa wa mtoto wa miaka mitano. Alitazama hapo mpaka mlango ulipofungwa. Wiki sita, mwanangu. Nilimwona akitazama, nami nikamgeuza ubavu nikambadilisha shuka.

Hilo sijamwambia mtu. Si shangazi yako, si Hansaben. Dua ilikuwa yako na mapenzi yalikuwa yako, nami niliyazuia mlangoni kama mali ya magendo. Nilikuwa na haki ya kukataa heshima yangu mwenyewe. Ya kwako sikuwa na haki nayo.

Naomba radhi. Nakuomba wewe, kwa kuwa mwingine hayupo tena.

Nakujua na najijua. Usiponiandikia nitadhani umekasirika. Ukiniandikia kwa maneno matamu sana nitadhani kuna kitu unanificha. Basi niandikie ulivyo, hata kama ni kwa ukali, nami nitajitahidi kukuamini mara ya kwanza.

Mamako,
Mwanakombo